Dola 400 za Kukata Theluji

Wacha tuanze na hesabu ndio tusizungushane. Dola 400 za Kanada. Hiyo ndiyo pesa niliyojipangia kununua ubao wa theluji, buti zake, baindingi za kushikilia miguu, na helmeti. Vyote. Ukigeuza kwa shilingi zetu inakaribia elfu 40, na najua kuna msee anasoma hii akiwa kwa bedsita yake anajiuliza kama nimerogwa. Tulia kwanza, nitafika hapo.

Naishi Calgary, huku Alberta, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Mchana nasoma, usiku nafanya job kwa ghala. Kila mwisho wa mwezi kuna doo inaenda nyumbani kwa sababu sista yangu yuko Form Three na mathe peke yake hatoboi. Sisemi hivyo nionewe huruma, hiyo ni stori ya karibu kila Mkenya ninayemjua hapa. Nasema ndio ujue hii bajeti ilitoka wapi. Fees ilitoka kwanza, rent ikafuata, chakula, halafu ndio nikabaki na kitu cha kuweka kando kidogo kidogo kuanzia Mei mpaka Oktoba. 400. Nikajiambia ikifika hapo haiongezeki hata shilingi.

Na kwa nini theluji, kati ya vitu vyote? Kwa sababu baridi ya huku haikuulizi kama umezoea. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa natoka job asubuhi, nalala, naamka nje ni giza, naenda job tena. Kuna wiki zilipita sijaongea na mtu ana kwa ana nje ya kazi. Kichwa kilianza kuwa kizito, wacha nikuambie. Beste yangu mmoja wa kazini, Mfilipino, ndiye alinivuta siku moja tukaenda Canada Olympic Park, kilima kilichotumika kwa Olimpiki ya 1988, kiko ndani ya mji kabisa. Tukakodisha vifaa. Nilianguka mpaka makalio yakalalamika, lakini nililala vizuri usiku huo kuliko miezi mitatu iliyopita.

Hapo ndio nikamwona mama mmoja, wa miaka kama sitini hivi, anashuka amelala upande kama pikipiki za mashindano kwa kona. Mkono wake ulikuwa karibu kugusa theluji. Nyuma yake alikuwa anaacha mstari mmoja mwembamba, safi, kama mtu amechora na ncha ya msumari. Nikasema basi, mimi nataka hiyo.

Watu wakisikia snoubodi wanafikiria kuruka hewani na kuzunguka. Huo ni mtindo mmoja tu. Ule wa yule mama wenyewe wanauita kavingi, yaani kukata. Unalaza ubao kwa ubavu mpaka ukingo wake wa chuma unazama kwenye theluji, ubao unajipinda na kukubeba kwenye kona. Husukumi theluji pembeni, hukokoti nyuma ya ubao kama breki. Ukiipata vizuri, haina kelele. Ni sauti ya kitambaa kinapasuliwa polepole, halafu kimya.

Sasa shida ni bei. Wajapani wanaupenda huu mtindo kama dini, na mbao za kampuni zao kama Gray, Moss na Ogasaka ni kazi safi ajabu, lakini bei inapita dola 1,000 bila kuhema. Hizo nilizicheki kwa simu nikaweka simu chini. Upande mwingine kuna mbao nyembamba za mashindano, zile za kuvaa buti ngumu za plastiki. Zinakata kuliko kitu chochote, lakini mfumo wote unaingia gharama na mtu anayeanza atateseka. Nikaziacha pia. Buti laini zilinitosha.

Duka moja la mjini lilikuwa na ofa. Ubao mpya, umechorwa mbwa mwitu anatoa macho, dola 380 baada ya punguzo. Kijana wa pale akaniambia huu unafanya kila kitu. Mimi nimekulia Nairobi, mtu akiniambia kitu kinafanya kila kitu nakumbuka zile simu za laini nne zenye redio, tochi na spika, na hakuna hata kimoja kinachofanya vizuri. Nikaushika ncha mbili nikaupinda kidogo. Ulikuwa laini kama kapati. Na umbo lake lilikuwa la ndizi, ncha zote mbili zimeinuka, katikati ndio inagusa chini. Hilo umbo ni poa kwa mtu anayejifunza kusimama au anayecheza kwenye theluji ya unga, kwa sababu ukingo haunasi kirahisi. Lakini kavingi ni kunasa! Unataka ukingo unase, mrefu iwezekanavyo, na usiachilie.

Kwa hivyo kama unaniuliza niangalie nini, la kwanza ni umbo la upinde. Laza ubao kwa sakafu bila kuukanyaga. Katikati iwe imeinuka, mwanya ule unapita kadi ya benki bila shida. Ukisimama juu yake, huo upinde unasukuma ukingo wote chini kuanzia karibu na ncha mpaka mkiani. La pili ni ugumu, hasa ugumu wa kusokota. Shika ncha, mwenzako ashike mkia, jaribuni kuukamua kama nguo iliyofuliwa. Ukisokoteka kirahisi, kwa kasi ukingo utakuachia katikati ya kona.

Halafu kuna ule mkato wa ubavu. Ubao ukiutazama kutoka juu una kiuno, na hilo pinda la ubavuni ni kipande cha duara kubwa. Nusu kipenyo ya hilo duara huandikwa kwa mita. Mbao nyingi za kawaida ziko kwenye mita 7 au 8, za mashindano ya kona kubwa zinafika 20 na zaidi. Namba ndogo inakupa kona fupi za haraka, kubwa inataka mlima mpana na kasi ambayo mimi kwa sasa sina roho yake. Nilikuwa natafuta kama mita 9. Usihangaike sana na hii namba lakini, wasee wa intaneti wanaibishania kuliko siasa.

Kitu ambacho ningekufa nacho ni upana. Mimi navaa kiatu namba 45. Buti ya theluji ya huo mguu, ukipima soli yake ya nje, inafika kama sentimita 32. Ubao wa kawaida wa wanaume una kiuno cha kama sentimita 25. Piga picha hiyo: vidole na kisigino vinaning'inia nje. Ukishuka wima hakuna neno. Lakini ukilala kwa kona, vidole vinagusa theluji kabla ukingo haujamaliza kazi, buti inainua ubao, ukingo unatoka, na wewe unaenda na mbavu. Kuna njia mbili za kupambana na hiyo. Chukua ubao mpana, kiuno cha 26 kwenda juu. Na ugeuze baindingi zielekee mbele. Mguu wa mbele nikiuweka digrii 30, zile sentimita 32 zinabaki kuchukua kama 27.7 tu kwa upana. Hesabu ya kosaini, ile ya Form Three, tuliyoapa hatutawahi kuitumia. Na kugeuza baindingi hakulipishwi, unahitaji bisibisi tu.

Kwa hivyo ubao niliohitaji ulikuwa mrefu kiasi, mpana, mgumu, wa upinde. Kwa bei ya mtumba. Na hapa ndio nilijisikia niko nyumbani kabisa, kwa sababu mtandao mkubwa ambao Wakanada wanauziana vitu vilivyotumika unaitwa Kijiji. Sio utani. Ulianzishwa na eBay mwaka 2005 na jina lilichukuliwa kwa Kiswahili hichi hichi chetu. Wanalitamka vibaya mpaka unataka kuwashika mkono.

Kwa mtu aliyelelewa na nguo za Gikomba, kununua ubao uliotumika si mtihani. Unajua kutofautisha kamera na fagia. Rangi iliyochanika juu, mikwaruzo, stika za miaka kumi iliyopita, hizo achana nazo, ndizo zinashusha bei. Geuza. Pitisha kucha kando ya chuma chote, ukiona ufa au mahali chuma kimetoka, rudisha. Bonyeza kingo uone kama matabaka yanaachana, kwa sababu maji yakiingia ndani ubao umeenda. Shimo dogo chini linajazwa, shimo linaloonyesha mbao ya ndani karibu na ukingo ni gharama. Angalia matundu ya skrubu pia. Mbao nyingi ziko na mpangilio wa matundu manne manne, lakini Burton za zamani zina matatu matatu, na baadaye wakaleta mfereji, kwa hivyo hakikisha baindingi zako zinaingia kabla hujatoa pesa.

Wiki tatu nilikuwa natafuta. Ubao mmoja niliupenda sana, mwenyewe akasema 350 na hashuki. Nilikuwa nazo. Ningenunua, halafu ningeshuka mlima na raba? Nikamwambia asante.

Mwishowe nikapata mzee mmoja anaondoa vitu kwa gereji yake. Sentimita 163, kiuno 26.2, mgumu, upinde bado uko hai. Sura yake mbaya sana, rangi ya kahawia iliyokwaruzwa kama meza ya kibanda. Alikuwa anataka 180. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya, akacheka, "Huko kwenu kuna theluji?" Nikamjibu iko juu ya mlima wenye jina la nchi. Tukaongea nusu saa. Magoti yake yamekataa, daktari amemwambia basi. Akaniachia kwa 140, na baindingi zake kwa 50, na akanipa nusu ya kipande cha nta akanionyesha kuipaka kwa pasi ya nguo.

Buti nilinunua mpya, dola 155 na kodi ndani, za msimu uliopita. Hapo sikubani kabisa. Buti iliyotumika imeshajifinyanga kwa mguu wa mwingine, na ikilegea kisigino, ubao mzuri haukusaidii, kwa sababu unausukuma na ujumbe haufiki. Helmeti pia mpya, 48, huwezi kuona ufa wa ndani wa helmeti ya mtu. Jumla 393.

Usiku huo nikampigia mathe video nikamwonyesha.

"Sasa baba, hiyo ni mbao ya kitanda?"

Nikamweleza. Akanyamaza, ile kunyamaza ya mama zetu.

"Na mtoto fees yake?"

"Nilituma tarehe mbili, mum. Angalia M-Pesa yako."

"Niliona." Kimya tena. "Usivunjike tu. Huko nani atakubeba?"

Kuna watu wataniambia hii michezo si yetu. Philip Boit alitoka kwa riadha akaenda Nagano 1998 kushindana kwa ski za masafa, akamaliza wa 92, wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, akashuka milima ya Pyeongchang 2018 na bendera yetu. Na huu ubao wenyewe haukuanza kama kitu cha matajiri. Sherman Poppen wa Michigan, mwaka 1965, alifunga ski mbili pamoja ndio binti zake wapate kitu cha kuchezea nje. Kwa hivyo hiyo ya "si yetu" inanipita. Ile inayonigusa ni ingine, inayosema ukiwa na watu wanaokutegemea nyumbani, kila dola unayojifurahisha nayo umewaibia. Nimeifikiria sana na siikubali. Ile baridi ya kwanza sikununua chochote, nilituma pesa zote, na kufika Februari nilikuwa nimekosa shifti nne kwa sababu sikuweza kuamka kitandani. Mwezi huo nyumbani walipata kidogo kuliko mwezi wowote.

Bei ya kupanda mlima ndio bado inaniumiza. Ile milima mikubwa ya Banff, tikiti ya siku moja inapita dola 100 kirahisi, na hiyo si yangu kwa sasa. Nakiska iko kama saa moja kutoka hapa, ina njia pana zilizolainishwa vizuri, ndio hasa mahali pa kukata, lakini lazima mpatane watu wanne kwa gari moja. Siku nyingi nitakuwa kile kilima cha mjini, jioni, nikipanda na kushuka.

Jumapili iliyopita niliacha mstari wangu wa kwanza. Upande wa visigino bado naparaza, upande wa vidole ndio umekubali, kama mita kumi na tano hivi, nikaenda kusimama pembeni niuangalie kabla watu hawajaukanyaga. Nikaupiga picha nikamtumia sista. Akajibu, "Sioni kitu." Jumatano narudi, shifti yangu inaanza saa nne usiku.