GARI LA KUAZIMA

Wazee wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hiyo tuliifundisha darasani kwa miaka mingi, huko Uvira na baadaye katika kambi ya Nyarugusu, na kila mara wanafunzi walitoa mifano ya kanzu, viatu na kitenge. Hakuna aliyetoa mfano wa gari. Mwezi wa Januari 2025, sisi wa nyumba hii, mume na mke, tuliupata mfano huo hapa hapa Grant Street, mjini Buffalo, nasi twaona si vibaya kuwashirikisha, kwa kuwa jambo lenyewe laweza kumfikia yeyote miongoni mwetu.

Gari letu ni lile kubwa la familia ambalo wengi wenu mnalijua, la viti 8, injini ya lita 3.5 na silinda 6. Tulipokea barua ya kiwanda ikitutaka tulirudishe kwa wauzaji, kwa sababu mlango wake wa kuteleza waweza kufunguka gari likiwa mwendoni. Barua za namna hii zisitupwe pamoja na matangazo ya biashara. Nchini Marekani kiwanda kinapogundua kasoro ya usalama huwajibika kuwaarifu wenye magari na kuirekebisha, na kwa kawaida mwenye gari halipi hata senti 1. Wito mkubwa kuliko yote uliopata kutolewa nchini humu ulihusu mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata ya Japani: mifuko ipatayo milioni 67. Kasoro yake iliwaua watu zaidi ya 20 humu nchini, na baadhi yao walikuwa ndani ya magari ambayo barua zake zilikwisha kutumwa.

Sheria haiwalazimishi wauzaji kumpa mteja gari jingine wakati lake likiwa gereji. Lakini wengi hutoa wakiombwa, nasi tuliomba. Kipuri kilikuwa hakijafika, tukaambiwa tusubiri wiki 3, na tukakabidhiwa funguo za gari dogo jeupe, la viti 5, injini ya lita 1.2 na silinda 3.

Tulipoliegesha mbele ya nyumba, watoto wa jirani walikuja mbio. Mmoja wao aliamkia, "Shikamoo Mwalimu," kisha akauliza kwa heshima zote, "Gari lenu limezaa?" Siku hiyo mtaa mzima ulipata la kusema. Mzee mwenzetu alilizunguka mara mbili, akagonga boneti kwa kidole, akatoa pole kama anayehani msiba. Tulicheka pamoja nao. Hata hivyo, twafahamu kwa nini pole ile ilitoka moyoni. Huko tulikotoka, gari lenye nguvu lilikuwa la mkubwa wa serikali, la shirika au la tajiri. Sisi tulisafiri juu ya mizigo ya malori katika mteremko wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, au tukabanana katika michomoko ya Kigoma. Kwa hiyo mtu akifika hapa, jambo la kwanza analolitaka baada ya paa na kazi ni gari kubwa, ijapokuwa kwa mkopo wenye riba ya kumnyima usingizi.

Tuseme sasa juu ya nguvu zenyewe, maana mwalimu hastaafu hesabu. Neno "nguvu za farasi" lilienezwa na Mskoti James Watt katika karne ya 18, alipotaka wanunuzi wa mitambo yake ya mvuke waelewe mtambo mmoja ungefanya kazi ya farasi wangapi. Nguvu ya farasi 1 ni uwezo wa kuinua mzigo wa kilo 76 hivi kwa mita 1 katika sekunde 1. Gari letu lina nguvu za farasi 266 na uzito wa kilo 2,000 hivi. Lile la kuazima lilikuwa na 78 na kilo 950 hivi. Msomaji atasema: dogo ni jepesi, basi halihitaji farasi wengi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Likijaa watu 8, gari letu hubaki na farasi 100 hivi kwa kila tani. Dogo likijaa watu 5 hubaki na 60. Tofauti hiyo haionekani kabisa katika Grant Street, ambako taa za barabarani, basi namba 3, watembea kwa miguu na theluji humfanya kila dereva kuwa sawa na mwenzake. Haionekani pia katika barabara ya Scajaquada inayopita bustani ya Delaware, kwani tangu mwaka 2015, baada ya gari kutoka barabarani na kumuua mtoto mdogo katika bustani hiyo, mwendo uliwekewa kikomo cha maili 30 kwa saa.

Tofauti huonekana unapoingia barabara kuu ya 190 na kulazimika kujipenyeza kati ya malori yanayokwenda kasi. Gari letu hufika maili 60 kwa saa kwa sekunde 8 hivi. Dogo, likiwa na dereva peke yake, lilihitaji 12 hivi, na zaidi lilipojaa. Huonekana tena katika madaraja ya Grand Island, ambako barabara hupanda juu ya mto Niagara na upepo huvuma kutoka ubavuni. Hapo tulikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikalia kama cherehani, na mwendo ukaongezeka kwa hiari yake. Tulijifunza haraka kushika njia ya kulia, kuacha nafasi kubwa mbele, kuanza kuongeza mwendo mapema tungali katika njia ya kuingilia, na kumpisha kila mwenye haraka.

Juu ya theluji tuliona jambo ambalo wengi hawaliamini. Kwenye barafu injini kubwa haikusaidii. Kinachokushika ni tairi. Mwenye farasi 266 na tairi zilizolika atateleza mbele ya mwenye farasi 78 na tairi nzuri za majira ya baridi. Upungufu wa gari dogo ulikuwa kimo: tumbo lake lilikuwa chini, nayo theluji iliyosukumwa na magari ya manispaa ililizuia mara mbili mbele ya nyumba yetu. Wale waliokuwapo Desemba 2022, dhoruba ilipoua watu zaidi ya 40 katika kaunti hii ya Erie, baadhi yao wakiwa ndani ya magari, hawahitaji kuhubiriwa. Koleo, blanketi na maji vikae garini siku zote. Ukikwama huku injini ikiwaka, safisha kwanza theluji iliyoziba bomba la moshi, maana hewa yake huua kimya kimya.

Lakini shida yetu kubwa haikuwa daraja wala theluji. Ilikuwa viti. Kila alfajiri gari letu hupeleka wafanyakazi 7 katika hoteli za Niagara Falls, umbali wa maili 20 hivi, na alasiri huwarudisha. Sisi wawili hupokezana usukani, nao hutuchangia mafuta. Gari dogo lilichukua abiria 4. Tulipousoma mkataba wa kuazimia, tena tuliusoma wote, neno kwa neno, tulikuta kwamba dereva anayeruhusiwa ni mmoja tu aliyetajwa. Kwamba ni marufuku kubeba abiria kwa malipo. Kwamba kikomo ni maili 100 kwa siku. Na kwamba gari lisivuke mpaka kuingia Kanada. Safari moja ya kwenda na kurudi ni maili 40. Ya asubuhi na ya alasiri ni 80. Kwenda mara mbili kila alfajiri kungetufikisha 160. Hesabu ilikataa.

Tuliwaita wote 7 sebuleni usiku ule ule, tukawasomea mkataba kwa Kiswahili. Wawili huanza kazi saa 2 asubuhi, wakasema watapanda basi namba 3 hadi katikati ya mji, kisha namba 40 hadi Niagara Falls. Watano waliobaki huanza saa 12 kamili, na kwa ratiba ya mwezi ule hapakuwa na basi la kuwafikisha kwa wakati. Watu 5, viti 4. Waliamua wenyewe kwamba kila mmoja ataacha siku 1 kwa juma, ili hasara isimwangukie mmoja. Mama mmoja, aliyekuwa kimya kwa muda mrefu, akasema: "Mwalimu, msimamizi wetu ametuambia, mtu akikosa mara 3 kwa mwezi, nafasi yake apewa mwingine." Wiki 3, siku 1 kila wiki, ni mara 3. Mpango uliokuwa wa haki kuliko yote ungewatia hatarini wote 5 kwa pamoja.

Wiki ya kwanza ilipita hivyo. Kwa kima cha chini cha mshahara cha sehemu hii ya jimbo mwaka ule, dola 15.50 kwa saa, siku 5 zilizokosekana kati yao zilikuwa dola 620. Kwa mwenye nyumba inayompangisha mmoja wao, fedha hizo zilikuwa sehemu kubwa ya kodi.

Kiti cha tano kilipatikana mahali tusipopatazamia. Mtaani kwetu yupo jirani mwenye asili ya Puerto Rico, mwenye gari kubwa la mizigo lenye viti 5. Tulikuwa tumeishi hatua 30 kutoka kwake kwa miaka 6, na maongezi yetu yote yalikuwa mkono ulioinuliwa. Alitukuta tukichimbua kile kigari katika theluji, akaja na koleo lake. Katika kuchimba tulizungumza, kwa Kiingereza chake na chetu, tukagundua kwamba kila alfajiri, saa 11 na dakika chache, yeye huondoka peke yake kwenda Niagara Falls, huko huko. Farasi zaidi ya 300, kiti 1 kinakaliwa, viti 4 vitupu. Kuanzia Jumatatu iliyofuata alimchukua mmoja wetu, na ilipofika Jumatano alikuwa akiwachukua wawili. Fedha za mafuta alizikataa. Sambusa alizipokea.

Gari letu lilirudi Februari, mlango umetengenezwa, bila malipo. Lile dogo tulilirudisha likiwa na mafuta kiasi kile kile tulichokikuta, limeoshwa, nasi twakiri kwamba lilitufundisha jambo la mfukoni. Kwa maili 40 lilitumia galoni 1 ya mafuta, ilhali letu hutumia galoni 2 hivi. Likiwa na watu 8, letu hugharimu robo ya galoni kwa kila mtu, na dogo likiwa na watu 5 hugharimu sehemu ya tano. Hapo tofauti ni ndogo. Lakini mtu akiendesha gari la viti 8 peke yake kwenda kununua mkate, anawalisha farasi 266 ili kubeba mkate 1. Tangu siku zile safari za dukani twaenda kwa miguu, maadamu magoti yanakubali.

Kwa atakayepewa gari la kuazima, twashauri haya. Kwanza, omba, usingoje kupewa. Pili, soma mkataba wote kabla ya kutia saini, na kama Kiingereza kinakushinda, nenda na mtu wa kukutafsiria, hata kama ni mwanao wa shule ya sekondari. Tatu, piga picha kila upande wa gari, ndani na nje, pamoja na saa ya mafuta, kabla hujaondoka. Nne, ipigie simu kampuni yako ya bima uulize kama bima yako inalifuata gari hilo. Tano, ukitaka kujua kama gari lako mwenyewe limeitwa, soma namba yake ya herufi na tarakimu 17, iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kisha piga simu bila malipo kwa idara ya serikali ya usalama wa barabarani, namba 888-327-4236.

Na la mwisho halihusu kuazima. Watu 7 walikuwa wametegemea gari 1 na wazee 2, nasi tuliona fahari katika jambo hilo bila kuuliza siku gari likikosa itakuwaje. Tumeanza daftari. Kila mwenye gari katika Grant Street na mitaa ya jirani aandike anakokwenda, saa anayoondoka, na viti vingapi huenda vitupu. Na kila mwenye shida ya usafiri aandike vivyo hivyo. Karatasi zikabidhiwe kwa mhariri wa jarida hili kabla ya mwisho wa mwezi. Majirani wasiosema Kiswahili waandikieni ninyi. Mpaka sasa daftari lina majina 11, na la kwanza kabisa ni la yule jirani mwenye koleo.

Twawatakia nyote safari njema na tairi nzima.