Pilipili Tamu ya Lwiro

Ukitoka Bukavu kwenda kaskazini, ukiisha kupita Kavumu, unapanda upande wa magharibi mpaka Lwiro, chini ya milima ya Kahuzi. Hapo ndipo ilipowekwa taasisi ya utafiti ya Wabelgiji, iliyoundwa mwaka 1947. Na waganga wake walichunguza sana kwashakoo, maradhi ya watoto wanaoshiba mihogo pasipo vyakula vya kujenga mwili.

Huko bugali huandamana na kibakuli cha pilipili. Ile tamu hupikwa hivi: saga pilipili kumi zilizoiva, nyanya nne, kitunguu kimoja na tangawizi kidogo. Tia mafuta, chumvi, maji ya ndimu na vijiko viwili vya sukari (wengine hutia asali, nami ni mmoja wao). Pika kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka iwe nzito. Usijifute macho kwa mikono hiyo! Na kinywa kikiwaka, maji hayasaidii, maana ukali huo huyeyuka katika mafuta, kunywa maziwa.

Lakini, akina mama, hapa pana hila. Kibakuli hiki huteremsha tonge hata mtu akamaliza sahani asikumbuke kwamba hakula kitoweo. Mtu mzima atastahimili. Mtoto aliyeachishwa kunyonya hawezi. Basi pilipili na ifuate maharage, au sambaza, wale samaki wadogo waliotolewa Ziwa Tanganyika mwaka 1959 wakatiwa Ziwa Kivu. Mtoto apewe sambaza wake waliopondwa vizuri. Kibakuli kibaki upande wa baba.