Sehemu ya 9: Propela ya mti au ya kaboni?

Tangu niweke ile picha ya ndege iliyojaa sebuleni kwetu, meseji hazikauki. "Nesi, hiyo ni ndege ya kweli?" "Dada, si ni mdoli tu huo?" Leo tuiongelee yenyewe, na hasa kile kitu kilichofungwa mbele yake, maana ndicho kilichotukalisha kikao cha familia.

Siyo mdoli. Ni ndege ya rimoti ya kufanyia sarakasi angani. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 2.6, uzito unakaribia kilo 12, na inakunywa petroli iliyochanganywa na oili kama chenso. Injini ni cc 100. Kama namba hiyo haikwambii kitu, kumbuka bodaboda za nyumbani, nyingi ni cc 100 mpaka 150. Sasa chukua injini ya bodaboda, ondoa pikipiki yote, halafu mbele yake funga panga la sentimita 71 linalozunguka. Hicho ndicho kinachoegeshwa karibu na sofa yangu.

Tunaishi Texas, na huku mchezo huu una watu wengi. Baba watoto aliuanza miaka ya nyuma, kijana wetu wa kwanza ana miaka 15 na ameingia mzima mzima. Mwezi uliopita alikuja na maombi mawili. La kwanza, amekusanya hela za kukata majani kwa majirani, anataka kununua propela ya kaboni. La pili, anataka aanze kuwasha injini mwenyewe kwa mkono. Baba yake akamwambia, "Nenda kamuulize mama yako, yeye ndiye nesi." Kesi ikahamia kwangu.

Nikasema sawa, lakini kwanza nifundisheni hizo propela, siamui kitu nisichokijua.

Kumbe kila propela ina namba mbili. Yetu imeandikwa 28x10. Ya kwanza ni upana wa duara inalolichora, kwa inchi. Ya pili ni mwendo, yaani kama propela ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao, ingesogea mbele inchi 10 kila inapozunguka mara moja. Injini ndogo ya cc 50 hadi 55 inafungwa 22x8 au 23x8. Cc 100 inakwenda na 27x10 au 28x10. Wale wa cc 150 wanafika 32x10, hilo ukiliona unaweza kudhani ni feni ya darini imetoroka.

Wanaopenda kuining'iniza ndege hewani, pua juu mkia chini, inasimama pale kama imetundikwa kwa kamba, wanataka duara kubwa na mwendo mdogo, ili nguvu iwepo hata ndege isipokwenda popote. Kijana wangu ni wa kundi hilo. Wanaofanya mashindano ya kuchora maumbo safi angani mara nyingine wanataka mwendo mkubwa zaidi, au propela ya mapanga matatu. Hiyo ya mapanga matatu hufungwa ikiwa fupi kidogo, kwa hiyo ncha zake hazikimbii sana na kelele inapungua. Ila ni ghali, na kuisafirisha kwenye gari ni kero.

Halafu ndiyo mti na kaboni. Ya mti, nyingi zinatengenezwa kwa mti mgumu uitwao beech, bei yake inavumilika, na ikigusa ardhi inavunjika yenyewe, mara nyingi bila kuivuta shafti ya injini kwenye balaa. Ya kaboni ni ngumu zaidi, nyembamba zaidi, haipindi ikikazwa mafuta, na marubani wanasema injini inaitikia haraka zaidi mkono wao. Mejzlik ya Czech ndiyo aliyoitaka kijana. Nimeishika dukani, ni kitu kizuri kwa kweli, nyepesi, inang'aa, na ukingo wake wa nyuma umechongoka kama kisu cha kukatia nyama. Nikaupitisha kucha. Nikairudisha taratibu mezani.

Marubani wanalinganisha mvuto, mizunguko kwa dakika, kelele, bei. Mimi nililinganisha mengine.

Nilichukua kikokotoo. Propela ya inchi 28 ikizunguka mara 6,500 kwa dakika, ncha yake inakwenda kama mita 242 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 870 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria ikiwa juu mawinguni. Kijana akasema, "Lakini mama, hapo ni moto wote, ndege iko angani, hakuna mtu karibu." Kweli. Basi tukapiga hesabu ya injini ikiwa imetulia chini, inanguruma taratibu tu, tuseme mara 1,800 kwa dakika. Hiyo ni mara 30 kwa sekunde. Mapanga mawili, kwa hiyo kila sekunde panga linapita mahali palepale mara 60. Kidole kikiingia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hata jicho hujafumba vizuri, kimekatwa mara sita. Ndiyo maana majeraha ya propela hayafanani na ya kisu. Kisu kinaacha mstari mmoja. Propela inaacha mistari sambamba, mfupa, kano na mishipa ya fahamu vyote vinaguswa, na daktari wa mikono anakaa chumba cha upasuaji masaa.

Meza nzima ikanyamaza. Mdogo wake akaficha mikono chini ya meza.

Sasa kuna maneno nayasikia sana pale uwanjani, na naomba myakatae popote mtakapoyasikia: "Hii ni ya mti tu, ni salama kwa watoto." Hapana jamani. Kwa mwendo huo kidole hakijui mti wala kaboni. Hata zile za plastiki ngumu za ndege ndogo zinapasua. Za chuma ndizo hata hazizungumzwi, chama cha Marekani cha ndege hizi, AMA, ambacho kipo tangu 1936, kanuni zake za usalama zinakataza kabisa.

Tofauti ya mti na kaboni niliiona sehemu tatu, na hizi ndizo zilizoamua.

Kwanza kwenye kuwasha. Injini hizi nyingi zinawashwa kwa kupiga propela kwa mkono. Unafunga choki, unapiga mpaka ikohoe, unafungua choki, unapiga tena. Wakati mwingine injini inarudisha, yaani inazunguka kinyume ghafla ikaupiga mkono. Propela nzito ya mti inasaidia kama gurudumu zito, injini inatulia vizuri ikiwa chini na kuwasha kunakuwa kwa upole kidogo. Ya kaboni nyepesi inaweza kuwa korofi zaidi hapo, na ukingo ulioupiga kwa vidole ndio ule mkali. Wazoefu wanaupiga msasa kidogo na kuvaa glavu nene. Wazoefu, nimesema.

Pili kwenye kuivaa na kuivua. Mti unakauka, unanywea, unavimba kufuatana na hali ya hewa, kwa hiyo bolti zake lazima zikaguliwe mara kwa mara, asubuhi kabla ya kuruka. Kaboni haina mambo hayo. Hapa kaboni imeshinda, siwezi kuinyima haki yake. Lakini nyufa ndogo za mti unaziona kwa macho na kuzipapasa, na ukiona ufa propela inatupwa. Haiungwi na gundi. Nilimwambia baba watoto hivyo huku namtazama yeye, sikumtazama mtoto.

Tatu, na hii ni ya kinesi kabisa, ikivunjika. Mti unatoa vibanzi virefu, kaboni inatoa vipande vyembamba vikali. Vyote viwili vikiingia mwilini vinaweza visionekane kwenye eksirei. Chuma kinaonekana, kioo kinaonekana, lakini mti na nyuzi za kaboni mara nyingi zinapita kimya. Kwa hiyo mkifika emajensi semeni kwa sauti, "Alipigwa na propela ya mti" au "ya kaboni." Neno hilo moja linamfanya daktari atafute kwa altrasaundi badala ya kushona na kufunika kibanzi ndani. Hii ishikeni hata kama kwenu hakuna ndege. Mwiba wa mbao kwenye unyayo wa mtoto ni habari hiyohiyo.

Uamuzi wangu ukawa hivi. Propela ni ya mti, 28x10, mpaka kijana atimize miaka 18. Hela yake abaki nayo, au anunue kiwashio cha umeme, nikamwambia nusu nitamwongezea. Kupiga kwa mkono bado. Alinuna siku mbili. Akasema wenzake wa umri wake wanapiga. Nikamwambia, wenzako wana mama zao. Nilimwonea huruma lakini, kwa sababu yule mtoto ni makini kweli, anakagua bolti kuliko baba yake. Ila umakini wa miaka 15 ni wa dakika tisa, ya kumi simu inaita.

Na kuna masharti ya watu wote, baba watoto akiwemo. Propela ihesabiwe kuwa hai muda wote, hata swichi ya plagi ikiwa imezimwa. Kuwasha ni watu wawili, mmoja ameshika ndege kwa nyuma. Hakuna shati la mikono mirefu inayoning'inia, hakuna kamba ya shingoni, hijabu na khanga za sisi mama zifungwe vizuri au tukae mbali. Kurekebisha injini kufanyike kutokea nyuma ya propela, usiupitishe mkono juu ya duara. Hakuna mtu kusimama ubavuni sawasawa na propela, maana kipande kikichomoka kinakwenda upande ule. Ncha zipakwe rangi ya kung'aa ili duara lionekane. Watoto wadogo wakae nyuma ya uzio, na akiwepo anayeanza kutembea, kazi ya mtu mmoja mzima ni kumshika yeye tu. Siyo kumshika huku anapiga video.

Masikio pia. Kama lazima upaze sauti ili mtu aliye urefu wa mkono akusikie, hapo kelele imeshafika pa kudhuru ukikaa nayo siku nzima. Watoto wavae vile vifuniko vya masikio, vya saizi yao. Pamba haisaidii.

Sasa likitokea la kutokea. Zima injini kwanza, ndipo umkimbilie mtu, la sivyo mtakuwa majeruhi wawili. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usichungulie kila nusu dakika. Inua mkono juu ya moyo. Vua pete mapema kabla kidole hakijavimba, huku kwetu pete inakatwa na mashine na mtu analia kwa ajili ya pete. Kahawa, majivu, dawa ya meno, hapana, hata bibi akisema. Asile wala asinywe, anaweza kwenda upasuaji. Damu ikiruka na haikubali kwa kukandamiza mkononi, tumieni mkanda wa kuzuia damu ulio kwenye boksi la huduma ya kwanza, na andikeni saa mliyoufunga. Pigeni 911, au namba ya dharura ya mlipo.

Kipande cha kidole kikitoka, kitafutwe. Kifungwe kwenye gozi au kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, kiingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, mfuko huo ndio uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, kisilowekwe. Nimeona kipande kikiletwa kimegandishwa kama samaki, na hapo hakuna cha kuunganisha.

Halafu pepopunda. Sisi mama tumechomwa sana zile sindano kliniki tukiwa wajawazito, wanaume wetu ndio hawakumbuki chochote. Kidonda kichafu, cha uwanjani, cha mafuta na nyasi, kikipatikana na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, anahitaji nyingine. Nilimuuliza baba watoto yake ya mwisho ilikuwa lini. Akafikiri. Akasema, "Si ile ya shule ya msingi?"

Alichomwa Jumanne. Kijana akaenda naye kumshika mkono, akarudi amechangamka kidogo, na jioni nikawakuta wote wawili mezani wanapaka ncha za propela rangi ya njano.