Hesabu za Nesi na Kopo la Ndengu

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya uuguzi yahitaji moyo wa huruma na mikono safi tu. Vijana wa Kitui na Makueni waingiapo chuoni huja na hayo mawili, kisha hukuta jambo la tatu ambalo wengine walidhani wameliacha nyuma pamoja na sare ya shule, nalo ni hesabu.

Msichana mmoja wa upande wa Makueni alikuwa miongoni mwao. Shuleni alifaulu biolojia vizuri, lakini hesabu zilimshinda. Mama yake aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo, naye akaenda Kitui kusomea uuguzi. Mwezi wa pili wakapewa swali: mtoto ana uzito wa kilo 12, naye apewe miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Je, apewe mililita ngapi? Msichana alikuwa ameikariri kanuni kama kasuku, akaandika 75. Mwalimu hakumkemea, ila aliandika chini yake kwa wino mwekundu: "Nukta imepotea. Na mtoto je?"

Usiku ule hakupata usingizi. Alifunga sanduku lake, akisema moyoni kwamba afadhali aibu ya kuacha chuo kuliko kaburi la mtoto wa mwenziwe. Kulipokucha akaenda kumwaga mwalimu, mama wa makamo aliyekuwa nesi wa miaka mingi.

"Mwalimu, hesabu siziwezi."

"Mwanangu, kwenu mwauza nini sokoni?"

"Ndengu, Mwalimu."

"Kopo likiwa shilingi 120, na mteja akaja na shilingi 180, utampimia makopo mangapi?"

"Kopo moja na nusu," akajibu mara moja.

"Vema. Kilo 12 mara 15 ni ngapi?"

Akaandika kando ya karatasi. "Ni 180."

"Basi mililita 5 ndizo kopo lako."

Msichana akanyamaza, kisha akasema polepole: "Tano, na nusu ya tano. Saba na nusu."

Sanduku likafunguliwa. Tangu siku ile alishika desturi tatu: kuandika kipimo kando ya kila tarakimu, kukisia jibu kabla ya kulitafuta, na kumwomba mwenzake ahakikishe. Ilipofika zamu ya kufundishwa maji ya mshipa, lita 1 kwa saa 8 kwa mrija wa matone 20 katika mililita moja, aligawanya taratibu akapata matone 42 kwa dakika, au karibu na hayo, akayahesabu kwa saa yake ya mkononi.

Wala asidhani mtu kwamba hesabu zimeingizwa katika uuguzi juzi. Florence Nightingale alizitumia kuonyesha sababu za vifo vya askari, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wanatakwimu cha London.

Msichana yule hakuwa wa kwanza darasani, lakini alihitimu. Hata leo wodini, ajapokuwa na hakika, humwita mwenzake aitazame sindano kabla haijamgusa mgonjwa. Haoni haya kufanya hivyo, kwa maana amekwisha kujua kwamba usiku ule haya ndiyo iliyotaka kumrudisha kwao, wala si hesabu.