Upanga wa Nuru Darasani

Upanga wa nuru wa Luke Skywalker katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ulitengenezwa kwa mpini wa taa ya kamera kuukuu aina ya Graflex. Nasi tuliunda mfano wake nyumbani, hapa Dodoma, kwa tochi na vipande vya mpira wa baiskeli, ili tufundishie somo la nuru. Darasani mtoto mmoja akauliza: “Mwalimu, ncha yake iko wapi?” Tulinyamaza. Tulikuwa tumeupamba mpini, tukaisahau nuru. Ndipo tukafunga madirisha, tukakung’uta kifutio. Katika vumbi la chaki mwali ulionekana, umenyooka hadi ukutani. Nuru haikomi hewani. Huendelea mpaka izuiwe na kitu. Ndugu walimu-wanafunzi, kabla ya kuipamba zana, jiulizeni mtoto atajifunza nini kwayo.