Harufu ya Oili ya Difu

Mpwa wangu kanunua pikapu, akaiinua. Yaani alilipa pesa asubuhi, akaondoka, jioni akaikuta imesimama kama mbuzi anayewania majani ya juu. Palipokuwa na matairi ya inchi 29 sasa pana ya inchi 35. Wiki ya pili akaja nyumbani amenuna. Gari haipandi tena kona za juu ya Mto wa Mbu mpaka iombewe, na juu ya hayo amepigwa tochi kwenye eneo la 50, wakati anaapa mshale ulikuwa kwenye 48. Nikamwambia hakuonewa. Tairi likikua kwa moja ya tano, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa moja ya tano, na mshale hauna habari. 48 yake ilikuwa 58 ya askari.

"Difu umebadilisha?"

"Anko, difu na tairi vinahusiana nini?"

Sikumjibu palepale. Nilikuwa nimetoka kupita ile sehemu ya Unga Limited ilipokuwa gareji tuliyolelewa nayo. Mwarobaini umekatwa, shimo la kukagulia magari limefukiwa, na zimesimama fremu sita za maduka, tano zikiuza kava za simu.

Baba alikuwa na Land Rover 109, Series IIA. Siku zote nimewaambia watu ni ya 1970. Nimeitoa kadi kabatini, inasema 1968. Haidhuru. Ilikuwa na injini ya petroli ya CC 2286, yenye subira kuliko nguvu, na ekseli za nyuma nyembamba zilizokatika kama miwa. Ikikatika porini hukuhitaji hata jeki: ulifungua bolti sita kwenye habu, ukavuta kipande kilichobaki, ukabonyeza kile kitufe cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele, ukarudi nyumbani gari likivutwa na pua yake. Nimeshika tochi kwenye kazi hiyo mara nne. Mara zote nne kosa lilikuwa langu, nilikuwa naangaza pasipotakiwa.

Baba alipochoka na petroli alipata injini ya dizeli, Toyota 3L ya CC 2779, iliyotoka kwenye Hiace iliyopinduka. Akaipeleka kwa fundi akidhani kazi ni kutoa moja na kuweka nyingine. Fundi hakuitazama injini. Alimuuliza gari linakwenda wapi na linabeba nini. Kisha akapima tairi, akaingia uvunguni kwa difu, akaja kwenye propela shafti, halafu giaboksi. Injini ilikuwa ya mwisho, na ilikaa chini ya mwarobaini karibu mwezi mzima, imefunikwa turubai, kuku wakilala juu yake.

Springi zilikuwa zimeongezwa pleti ili gari lipite matope ya masika, na vikono vya springi vimerefushwa. Fundi akatuonyesha kwamba ekseli ikinyanyuliwa hivyo inageuka kidogo, propela inapinda pasipotakiwa, na krosi zinaanza kulia. Akachonga kabari za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli mpaka pembe zikarudi. Mkerezaji wa jirani akakata sahani nene ya kuunganisha injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza, na bushi ya shaba ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Bushi ya kwanza ilicheza kwa unene wa unywele. Akaitupa bila kuulizwa. Sampu nayo ilikuwa inakaribia kugonga ekseli ya mbele, ikakatwa na kuchomelewa upya. Kujua kama nafasi inatosha, fundi aliweka tonge la ugali baridi juu ya ekseli, akatupandisha sisi watoto wote kwenye bampa, akasema, "Rukeni!" Baadaye alilichomoa lile tonge na kulipima kwa rula kama mhandisi.

Likabaki difu. La zamani lilikuwa 4.7, yaani propela inazunguka karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Zuri kwa kilima na mzigo, lakini kwenye lami ya Moshi gari lilipiga kelele kwa 80 kama linaibiwa. Fundi alitaka 3.54. Injini ya petroli isingelivuta kwa tairi zile, alisema, ila hii ya dizeli italivuta.

Nikatumwa dukani pamoja na Baba. Duka lenyewe lilikuwa giza, limejaa mpaka darini, na lilinuka oili ya difu, ile salfa nzito inayokaribia yai viza. Ukitoka pale harufu ilikufuata mpaka mezani. Mwenye duka alikuwa mzee aliyevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Akatoa difu ndani ya gunia. Kabla ya kutaja bei aliinamisha kichwa akalinusa kama muuza samaki. Oili iliyoungua, alisema, haijifichi hata ukiosha kwa petroli. Kisha akahesabu meno kwa ukucha: krauni 46, pinioni 13. "La zamani lenu lina 47 kwa 10," akamwambia Baba. "Mbele nalo unabadilisha? Hubadilishi? Basi sikuuzii." Kweli hakuuza, mpaka tuliporudi na pesa za madifu mawili. Stakabadhi ninayo, ya Machi 1994, ingawa moyoni nina hakika ulikuwa 1993, kwa sababu nakumbuka viatu nilivyovaa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Zikaja kontena za Dubai, zikaja Land Cruiser za 1HZ za kubebea watalii, lami ikafika Ngorongoro. Baba akaiuza 109 kwa mtu wa Babati, duka likawa la simu nalo. Siku hizi urefu unauzwa kwenye boksi, na ndani ya boksi hamna mtu wa kukuuliza unakwenda wapi.

Jumamosi nilimwambia mpwa wangu ainue kwa jeki gurudumu moja la nyuma, aweke gia huru na kabari mbele ya tairi za mbele. Nikachora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Nikamlaza uvunguni na suruali yake nyeupe. Nikazungusha gurudumu mara mbili kamili, taratibu.

"Ngapi?"

"Tatu na nusu... au nne? Anko, hapa chini panavuja kitu. Kinanuka vibaya."

Nikainama, nikavuta pumzi. Nikakaa hivyo muda kidogo.

"Anko?"

"Nazungusha tena," nikamwambia. "Safari hii hesabu kwa sauti."