Andika Jina Lake Kamili

Kwa nyumba nyingi hapa Kenya, sherehe za familia ziko chini ya meza ya TV, ndani ya kifuko cheusi cha zipu, zimechanganyika na sidi za injili na filamu ambazo hakuna anayekumbuka nani alizinunua. Deki ya kuzicheza ilikufa zamani. Juu ya kila sidi mtu ameandika neno moja kwa biki. HARUSI. MAZISHI. RURACIO 2. Na ile ninayoipenda kuliko zote, kwa herufi kubwa za mama aliyechoka na watoto: USITUPE.

Nimesoma maandishi mengi ya aina hii. Tangu niache chuo, miezi ambayo makala hayalipi kodi, mimi huhamisha sidi za watu kwenye flashi. Mteja anakuja na mfuko, anasema, "Kuna moja hapo babangu anaongea." Namuuliza ni ipi. Hajui. Aliyejua ni aliyeandika, na huyo yuko kwenye ile nyingine, iliyoandikwa MAZISHI.

Basi tunaketi, tunafungua moja moja. Nyingi ni VCD, na ndiyo maana zina namba. Sidi ya kawaida ya megabaiti 700 hubeba kama dakika 80 za video kwa mfumo huo. Harusi ya Kenya haitoshei hapo. Dakika ya 80 bado akina mama wako langoni wanaimba wakikataa kufungua. Kwa hivyo sherehe moja ilitoka vipande vitatu, cha kwanza kikaazimwa na shangazi, cha mwisho kikaenda na msimamizi wa bwana harusi, na nyumbani ikabaki "2" peke yake, bila kusema ni mbili ya nini.

Kazi hii imenifunza jambo moja. Lebo huandikwa na mtu aliyekuwepo, lakini husomwa na mtu ambaye hakuwepo.

Nilianza kulifikiria kwa uzito mwaka huu, tulipomrekodi shosho. Ana miaka 87 na ameanza kurudia hadithi, na zingine ameanza kuziruka. Tulipata saa tatu. Nyingi ni za mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, familia yao ilipotolewa kwenye shamba na kupelekwa kijiji chenye uzio, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki kukizunguka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Nimesoma kuhusu vijiji hivyo kwenye vitabu, lakini hakuna kitabu kilichoniambia jinsi mikono ya mamake ilivyokuwa jioni.

Mabinamu walisema niweke kwa mtandao, yaishe. Nimeweka. Lakini mtandao unataka mtu akumbuke nenosiri, na flashi kwetu haina mwenyewe. Binamu akiiazima kwenda kuchapisha CV, inarudi na miksi ya reggae na nafasi "kidogo tu" imefutwa. Nilitaka kitu ambacho hata mtu mwenye nia nzuri hawezi kukifuta.

Nikashuka Luthuli Avenue kutafuta sidi tupu. Muuzaji aliniangalia kama mtu aliyeulizia mafuta ya taa.

"Boss, hizo bado watu hununua?"

Alikuwa nazo nyuma, aina mbili. DVD-RW unaweza kufuta na kuandika tena, kwa hivyo hiyo niliacha. Nilichukua DVD-R, ambayo ukiandika umeandika. Ndani yake kuna tabaka la rangi, na mwale wa leza huipasha joto hadi alama zibaki. Ndiyo maana tunasema kuchoma sidi. Hubeba gigabaiti 4.7, ingawa kompyuta itakuonyesha kama 4.38, na hiyo ni karibu saa mbili za video ya kawaida. Kwa hivyo shosho alihitaji mbili. Nilichoma kwa mwendo wa polepole, nikazifunga ili zisome kwa deki yoyote, kisha nikacheza kila moja mwanzo hadi mwisho. Sidi ambayo hujaicheza ni matumaini tu.

Halafu kuandika. Watu huogopa kukwaruza upande unaong'aa, lakini kwa CD upande dhaifu ni ule wa juu, ule wa kuandikia, kwa sababu data iko chini ya rangi nyembamba tu. Biki ikikandamiza hapo, inaandika jina na kufuta harusi kwa wakati mmoja. DVD ina afadhali, tabaka lake limelaliwa na plastiki huku na huku, lakini hata hiyo tumia makapeni ya ncha laini, ya wino wa maji ukipata. Stika ya karatasi usibandike. Sidi huzunguka kasi sana, na karatasi iliyokaa upande huifanya iyumbe. Ukimaliza, isimamishe ndani ya kasha lake, mbali na jua.

Hayo yote niliyajua. Nilichokuwa sijui ni maneno. Nilienda nazo kwake, nikashika makapeni, nikamuuliza, "Shosho, niandike nini hapa?"

"Wewe ulitaka kuandika nini?"

"Shosho, moja na mbili."

Akacheka hadi akashika mbavu. "Shosho wa nani? Hii ridge yote imejaa mashosho."

Maisha yangu yote nimemsikia akiitwa shosho, ama Mama Fulani, jina la mtoto wake wa kwanza. Akaniambia niandike jina lake la kubatizwa, na la Kikuyu, na la babake. La babake nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alinitajia herufi moja moja, akinichungulia mkono kama mwalimu.

Chini yake nikaongeza kijiji, tarehe ya kurekodi, "1 kati ya 2", na "kuhamishwa, 1954". Mwisho nikaandika "anaongea Kikuyu", kwa sababu huenda atakayeisoma hatajua hiyo ni lugha gani.

Tulitengeneza seti tatu. Moja iko kwa mamangu, moja kwangu. Ya tatu aliichukua yeye. Hana deki, hajawahi kuwa nayo. Ameiweka kwenye sanduku lake la chuma, pamoja na kitambulisho na taito ya shamba.